Mafuta Mbele ya Taa

Kabla ya alfajiri, katika nyumba moja ya Kingi, kwenye milima ya Masisi, kibuyu kilikuwa kikisema gudu, gudu, gudu. Mama Geneviève alikuwa ameketi karibu na moto, kibuyu cha maziwa kimelala juu ya mapaja yake, akikitikisa mbele na nyuma bila haraka. Alikuwa anatafuta mafuta ya kujipaka. Maziwa yalikuwa ya jirani yake Agathe, mwenye ng'ombe, ambaye aliyaleta jioni na kukataa kupokea maharagwe. Agathe alisema tu kwamba mtu hawezi kwenda kupigwa foto na ngozi kavu, na kwamba Callixte akiona watu wake wanang'aa atafanya kazi yake na moyo mzuri.

Callixte alikuwa mwana wa Geneviève. Alikuwa akichimba mawe ya bati kule Omate, ndani ya pori la Walikale, na ilikuwa muda mrefu hajaonekana nyumbani. Vita ilikuwa imepita, lakini habari za vita zilikuwa bado zinatembea, na kila aliyefika Omate alikuwa na maiti zake za kusimulia. Callixte alichoka kusikiliza. Alimtuma Émile, dereva wa kamyo, awaambie watu wake wapigwe foto. Barua, alisema, mtu yeyote anaweza kuiandika. Foto haiwezi kudanganya.

Hélène, mke wake, alipoamka alikuta mafuta yako tayari juu ya jani la mgomba. Mama mkwe alimpaka yeye kwanza, uso, shingo, mikono na miguu, kama mtu anayepaka ukuta wa nyumba anayoipenda. Kisha akampaka Libérata, msichana mkubwa. Mtoto mdogo alipakwa mpaka ikawa kazi kumshika. Mwishoni Geneviève akajipaka mwenyewe, akafunga mafuta yaliyobaki ndani ya jani, maana njia ya kwenda Sake, kwa mpiga foto, ni ndefu na vumbi halina heshima.

Kwao ngozi kavu ni habari. Mtu aliyefiwa haogi vizuri wala hapaki mafuta mpaka siku ya kumaliza kilio, na mwanaume hunyoa kichwa. Hakuna haja ya kumwuliza. Unamwona njiani amekauka, unaweka mzigo chini, unampa pole.

Marcellin, mpiga foto wa Sake, alijua desturi hiyo kama kila mtu. Lakini siku hizo alikuwa na taa, na taa zilikuwa zimemsahaulisha mambo mengi.

Zamani alikuwa akipiga watu nje, mbele ya ukuta wa kanisa, jua likiwapo. Tatizo la Sake ni kwamba jua halina ratiba. Mvua ikishuka kutoka Masisi, wateja walikaa chini ya mabati na nguo zao nzuri mpaka zikakunjamana, kisha wakarudi kwao. Ndipo Mgiriki mmoja aliyekuwa na studio Goma alipofunga kazi yake na kuondoka, akamwachia Marcellin taa mbili kubwa zenye kofia za bati, zinazosimama juu ya miguu mitatu. Alimwachia taa. Maelezo aliondoka nayo.

Sebarenzi, mwenye mashini ya kusaga mahindi, alimpa Marcellin chumba cha nyuma na waya wa umeme kutoka kwenye mashini yake. Hakumwomba kodi. Alisema wataona kwanza kama watu watapenda, na kwamba wasipopenda, chumba kitawekwa magunia ya chumvi. Kila wakati gunia la mahindi lilipomiminwa, taa zilipungua nguvu, zikarudi. Unga uliingia chini ya mlango. Lakini mvua ilinyesha na watu wakapigwa foto, na hilo lilikuwa jambo jipya Sake.

Foto zenyewe ndizo zilikuwa mbaya. Marcellin alizisimamisha taa zote mbili karibu na kamera yake, moja kushoto, moja kulia, zikimtazama mteja usoni, kwa sababu aliona ni haki mtu aone mwanga aliolipia. Na watu walikuja wamepaka mafuta. Juani mafuta hayo yalikuwa mazuri. Mbele ya taa yaligeuka kuwa madoa meupe, kwenye paji la uso, kwenye pua, kwenye mashavu. Mwalimu mmoja alirudisha foto yake akasema kwa upole kwamba yeye hakuja na mataa kichwani. Bibi harusi mmoja hakusema kitu, alilia tu, na mama yake ndiye aliyesema.

Marcellin alifikiri sana, akaona kosa ni la mafuta. Basi akanunua kitambaa, akachukua unga kidogo wa Sebarenzi, akaanza kuwapanguza watu.

*

Geneviève, Hélène na watoto walifika studio wamelowa, wakajipaka upya yale mafuta ya ndani ya jani. Waling'aa. Marcellin aliwasalimu vizuri, akawaonyesha kiti na mkeka, kisha akatoa kitambaa chake.

Aliwaambia wapanguze mafuta.

Geneviève alikitazama kitambaa, akamtazama mwenye kitambaa.

"Nani alikufa?"

"Hakuna muntu alikufa, Mama. Ni juu ya taa."

"Taa njo ilifiwa?"

Wanawake waliokuwa wakingoja unga mlangoni walicheka. Marcellin hakucheka, maana nyuma yao Sebarenzi alikuwa anapima chumba kwa macho, kama mtu anayehesabu magunia. Alieleza kwamba mafuta yanaharibu foto, kwamba ni kazi ya dakika chache, na kwamba wakitoka wanaweza kujipaka tena.

"Mwenye kukauka ni mwenye alifiwa," alisema Geneviève. "Miye niko na mwana muzima. Sitakauka juu ya taa yako."

Kisha aliiona mikono ya Marcellin. Ilikuwa imepauka na kupasuka kwenye vidole, nyeupe kama ya mtu anayefanya kazi ya chokaa.

"Na weye, mikono ilikauka hivi. Ulifiwa na nani?"

"Ni dawa ya kuoshea foto, Mama."

"Pole," alisema Geneviève, na alikuwa anasema kweli. Akatoka, akaenda kukaa nje chini ya bati, pamoja na wanawake wa unga.

Hélène alibaki katikati ya chumba na mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea kutoka Kingi, amelala njiani kwa watu, na mume wake alikuwa ameomba foto. Alikuwa mwanamke aliyelelewa kusikia anachoambiwa, na mbele yake kulikuwa na watu wawili waliomwambia mambo mawili. Mmoja alikuwa ameshatoka. Alichukua kitambaa, akajipanguza, akampanguza Libérata, akampanguza mtoto. Marcellin aliwamalizia na unga kidogo. Wakaketi. Kwenye foto walitoka vizuri sana, bila doa hata moja, wamekauka kama miiko.

Sidonie, mke wa Marcellin, alikuwa amemletea Geneviève uji kule nje, bila mtu kumwagiza. Geneviève aliunywa wote, akarudisha kikombe, akamwambia Sidonie kwamba mume wake ni mtu mwenye adabu, ila amepotea kidogo.

Émile akaipeleka foto Omate.

*

Callixte aliipokea jioni baada ya kazi. Aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue. Alimwona mke wake na watoto, akafurahi, kwa muda ambao mtu anahitaji kuvuta pumzi mara moja. Halafu akaanza kuangalia vizuri.

Barthélemy, mzee mmoja wa Walikale aliyelala naye kambini, aliinama juu ya bega lake. Alikuwa mtu wa pori, mwindaji, hakuwa na maneno mengi. Aliangalia uso wa Hélène, akaangalia watoto, akavua kofia.

"Banakauka bote," alisema. "Pole, ndugu yangu."

"Lakini hawa bote biko," alisema Callixte. "Mke iko. Batoto biko."

"Na mama yako?"

Mama hakuwamo. Kiti kilikuwa na nafasi pembeni, mahali ambapo mama angekaa, na kwenye nafasi hiyo hapakuwa na mtu.

Watu wa kambi walifanya yote yanayopaswa kufanywa, na waliyafanya vizuri. Barthélemy alimnyoa Callixte kichwa kwa wembe wake mwenyewe. Mwingine alitoa kitambaa kipya cheupe alichokuwa amemwekea mke wake, ili mama asilale ndani ya udongo bila kufunikwa, kama hawajamzika bado. Wengine walichanga nyama ya pori iliyokaushwa, kifurushi kikubwa, maana kilio bila chakula ni aibu ya marafiki.

Kapita, msimamizi wao wa kazi, alikuwa mgumu zaidi. Alikuwa ameshawapa watu wengi ruhusa ya kuzika mama zao, na mmoja wao alifiwa na mama yuleyule mara tatu kwa mwaka mmoja. Aliiangalia foto, akaona mwenyewe ngozi ilivyokauka, akatoa ruhusa. Lakini aliongeza jambo moja.

"Nikisikia huyu mama iko muzima, hapa usirudi."

*

Katika milima ya Masisi, mwana anayekuja kumlilia mzazi haanzi kulia mlangoni. Anaanza mbali, ili watu wajiandae kumpokea. Callixte alianza kwenye kijito cha chini ya Kingi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Geneviève alikuwa juu, kwenye shamba la maharagwe. Alisikia sauti ya mwanaume inayolia mama yake. Hakujua ni nani, kwa sababu mvua na kilio huficha sauti ya mtu. Alijua tu kwamba kuna mwenzake ambaye mama yake amekufa, na kwamba jirani mwema hamwachi mtu alie peke yake. Akalaza jembe chini, akafunga kitenge kiunoni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kumjibu.

Walilizana hivyo kwa muda, mmoja akipanda, mwingine akishuka. Geneviève alilia vizuri. Alisema mama huyo alikuwa mama wa wote, alisema ameacha pengo lisilozibika. Aliyekuwa chini aliposikia hivyo alizidisha.

Walikutana kwenye kona ya migomba. Callixte alikuwa na kipara na kifurushi cha nyama. Geneviève alikuwa na udongo kwenye magoti.

Mvua iliendelea na kazi yake.

"Mama," alisema Callixte baadaye. "Uko muzima?"

"Niko muzima. Nani alikufa?"

"Ni weye."

Geneviève alifikiri juu ya jambo hilo. Kisha akamshika mwanawe kichwa, kile kichwa kilichonyolewa, akakiweka kifuani pake, na wote wawili wakalia tena, safari hii bila maneno. Hélène alitoka nyumbani akawakuta hivyo. Alipojua sababu, aliketi chini kwenye matope, akasema kwamba kosa ni lake, ni yeye aliyekubali kitambaa.

"Hapana," alisema mama mkwe wake. "Ulisikia mukubwa. Simama, utalowa."

*

Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikufika jioni. Callixte aliwaeleza habari za kapita. Akirudi Omate na kusema mama yake yuko hai, watamwona mwongo kama wale wengine. Kazi itakwenda kwa mtu mwingine, na bila kazi ile nyumba ya Kingi ilikuwa na maharagwe na muhogo tu, na bati la paa lilikuwa bado ni maneno. Na marafiki wake, ambao walitoa kitambaa na nyama kwa moyo mweupe, watasema alikula vitu vyao kwa kilio cha bure.

Jirani mmoja, mwenye nia nzuri, alisema dawa ni rahisi. Callixte arudi, aseme amemzika. Nani atapanda kutoka Omate kuja kuangalia kaburi?

Geneviève alikuwa anamenya muhogo. Aliendelea kumenya mpaka kipande kikaisha.

"Utanizika na mudomo?" alimwuliza mwanawe. "Na siku nitakufa kweli, utasema nini? Utasema amekufa tena?"

Callixte alisema hatasema hivyo kamwe. Ile nyama ilitundikwa juu ya moto, ikakaa. Hakuna aliyethubutu kuila, maana huwezi kula nyama ya kilio cha mtu aliyeketi mbele yako akimenya muhogo. Kitambaa cheupe kiliwekwa mahali ambapo Geneviève hatakiona. Alikiona kila siku.

*

Habari ilitangulia mpaka sokoni Sake. Watu walisema kuna mpiga foto ambaye ukiingia kwake ukiwa mzima, unatoka ukiwa na msiba. Wateja waliacha kuja. Sebarenzi aliingiza magunia mawili ya chumvi kwenye kona ya chumba, akaomba radhi, akasema hayo mawili tu kwa sasa.

Marcellin hakungoja kuitwa. Alichukua kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, na jogoo, akapanda Kingi. Aliketi chini, si kwenye kiti alichopewa, akasema kwamba aliwakausha watu wenye ndugu zao wazima, na kwamba jambo hilo ni baya. Hakutaja taa wala mwanga.

Callixte alikuwa na maneno makali aliyokuwa ameyaandaa tangu siku ile. Alimwona mtu huyu ameketi chini, amelowa, jogoo chini ya kwapa, mikono imepasuka. Alipokea kibuyu. Akamweleza kwamba kuna njia moja tu. Kapita na wenzake waliamini foto, basi wataamini foto. Inatakiwa foto ya pili, kiti kilekile, mkeka uleule, na mama ndani yake, ili kila mtu aone kosa lilikuwa wapi.

"Nitakuya," alisema Geneviève. "Lakini nitakuya na mafuta yangu."

Marcellin alijibu ndiyo, Mama, na akashuka mlima bila kujua atafanyaje.

*

Sidonie ndiye aliyegundua kwamba chungu chake kimepotea jikoni. Alikikuta studio, kimeketi kwenye kiti cha wateja, kimepakwa mafuta, taa mbili zikikitazama.

"Huyu mugeni ni wa wapi?" aliuliza.

"Niko najifunza," alisema Marcellin.

Chungu kilikuwa mteja mzuri. Hakikuchoka, hakikukasirika, hakikuuliza nani amekufa. Marcellin alikuwa na filamu chache, basi hakupiga. Alitazama tu. Aliona doa jeupe tumboni mwa chungu. Akasogeza taa moja pembeni, doa likasogea nalo. Akaisogeza zaidi, doa likafika ukingoni likawa mstari mwembamba, na hapo kwa mara ya kwanza aliona kwamba chungu ni cha mviringo. Kwa muda wote aliokuwa na taa zake, alikuwa amewafanya watu kuwa bapa. Alizima taa ya pili, upande mmoja ukawa giza kabisa. Akaiwasha, akaipeleka mbali ukutani, giza likalainika. Siku nzima alizunguka chumba hivyo, huku mashini ikisaga mahindi ya watu na taa zikipungua na kurudi. Sidonie alilazimika kupika kwenye sufuria, na hakulalamika.

Lakini chungu hakina macho. Hilo Marcellin hakulifikiri.

*

Walikuja siku ya mvua. Geneviève alikuwa amepakwa na Agathe mwenyewe, kwa mafuta ya maziwa mengine ambayo nayo hayakulipiwa. Aling'aa kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Callixte alikuwa amepakwa pia, pamoja na kichwa chake kilichonyolewa, ambacho kilikuwa kimeanza kuota nywele lakini si za kutosha kusaidia. Marcellin alikitazama kichwa hicho kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Geneviève aliketi kwenye kiti kilekile. Callixte alisimama nyuma, mkono juu ya bega la mama. Marcellin aliweka taa ya kwanza pembeni, juu kidogo, kama alivyofundishwa na chungu. Akaiwasha. Geneviève alifumba macho, machozi yakaanza kutiririka.

"Hapana kulia, Mama," alisema Marcellin. "Wataona kilio tena."

"Silii. Ni jua yako inaniingia ndani ya macho."

Alijaribu kuyafungua, akashindwa. Alijaribu tena. Alikuwa mwanamke mzee na macho yake yalikuwa yamezoea moshi na ukungu, si taa ya Mgiriki. Foto ya mama aliyefumba macho ilikuwa mbaya kuliko foto isiyo na mama, na kila mmoja chumbani alilielewa hilo bila kuambiwa. Callixte aliondoa mkono wake kwenye bega. Sebarenzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangalia chini.

Sidonie alitoka. Alirudi na shuka nyeupe, ile aliyoletewa na shangazi zake alipoolewa, ambayo ilikuwa haitandikwi ila wageni wakija. Hakuwa na wazo lolote juu ya foto. Aliona mzee anaumia macho, akaona vema amwekee kivuli. Alifunga pembe moja ya shuka kwenye msumari wa ukuta, nyingine akaishika kwa mkono wake juu, kati ya taa na uso wa Geneviève.

Mwanga ulipita kwenye kitambaa ukaingia chumbani polepole, kama asubuhi ya Masisi kabla ukungu haujaondoka. Geneviève alifungua macho.

"Sasa, hii njo taa," alisema.

Marcellin alikuwa anatazama. Mafuta hayakuwa adui tena. Mwanga ulikuwa umelala juu yake wote sawasawa, kwenye shavu, kwenye mfupa wa paji, kwenye kila mkunjo wa shingo, na uso wa mama huyu ulionekana ulivyo, uso wa mtu aliyelishwa, aliyeogeshwa, aliyependwa na watu waliomletea maziwa. Hata kichwa cha Callixte kilikuwa kimetulia. Kwa miezi alikuwa amewaamuru watu wabadilike kwa ajili ya taa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba taa nayo inaweza kuamriwa.

Kulisikika harufu ya kitu kinachoungua.

"Shuka," alisema Sebarenzi.

"Naona," alisema Sidonie. "Piga foto, mukono yangu inachoka."

Sebarenzi alikimbia, akazuia mahindi yasimiminwe ili umeme usipungue. Wanawake waliokuwa na zamu walisimama na vikapu vyao, na hakuna hata mmoja aliyenung'unika. Marcellin alipiga mara moja, akasogeza taa nyuma, akapiga ya pili. Shuka ilibaki na tundu la kahawia, kubwa kama sahani. Sidonie aliikunja upande wa tundu ukiwa ndani.

Magunia ya chumvi yalibaki studio, lakini hayakuongezeka. Baadaye wateja waliyakalia.

*

Mvua zilipopungua, Marcellin alipanda Kingi na nakala ya foto ya Geneviève ndani ya mfuko wa karatasi. Hakuwa na taa. Alimkuta Geneviève peke yake, Hélène akiwa shambani na watoto.

Alimpa habari kama Émile alivyozileta. Callixte amerudishwa kazini. Kapita aliziweka foto mbili kando kando, akazitazama, kisha akauliza kama huyo mpiga foto wa Sake anaweza kumpiga na yeye, akiwa amepaka mafuta. Barthélemy aliomba kuishika ile ya mama, akamsalimu mle ndani kwa jina. Yule aliyetoa kitambaa alikataa kukipokea, akasema Mama akishone nguo. Kuhusu nyama, wenzake walikaa, wakajadiliana, wakaamua kwamba aliyeliliwa ndiye aile.

"Tulianza jana, hatukungoja ruhusa," alisema Geneviève. Akainuka, akachemsha, akamwekea Marcellin sahani ya muhogo na nyama ya pori. "Kula. Ni ya kilio yangu."

Marcellin alikula. Ilikuwa ngumu kidogo, lakini ilikuwa na ladha nzuri.

Wakati anakula, Geneviève alitoa foto kwenye mfuko. Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaishika mbali, akaisogeza karibu. Alikuwa hajawahi kujiona hivyo. Alipitisha kidole juu ya shavu lile, kama anatafuta kama mafuta yatamshika.

"Huyu mama," alisema, "iko na mwana muzima."

Aliiweka juu ya sanduku, akiisimamisha vizuri. Kisha akafungua jani la mgomba, akachota mafuta, akaketi karibu na mgeni wake. Hakuomba ruhusa. Alichukua mkono wa kulia wa Marcellin, ule uliokuwa umemaliza kula, akaanza kuupaka, kidole kwa kidole, akisukuma mafuta ndani ya mipasuko. Akamaliza, akachukua wa kushoto. Marcellin alitulia kama chungu.

"Ile dawa yako ni mubaya," alisema Geneviève. "Kesho mikono itakuwa imekauka tena."

"Ndiyo, Mama."

"Basi, ikikauka, ukuye kutuona. Na mama Sidonie umulete."